Nzi gani huyu? Butembo na Beni, picha ya simu inaweza kutoa jibu, ila si picha ya jipu

Jipu jekundu mgongoni mwa mtoto mchanga, na katikati yake tundu dogo kama lililotobolewa kwa sindano. Ukilitazama kwa dakika moja, unaona kitu cheupe kinachungulia, kinatulia kidogo, kisha kinarudi ndani. Mama anapiga picha kwa simu, anaituma kwa dada yake, dada anaiweka kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, na kabla mega hazijaisha majibu yamefika saba: ni jipu la kawaida, ni funza, ni mpox, ni mkono wa jirani, ni ule mdudu wa video za Marekani, mpake mafuta ya taa, mkimbize hospitali.

Kwa wakaaji wa Beni, Butembo na vijiji vilivyo kati ya miji hii miwili, jibu la kweli mara nyingi ni nzi anayeitwa nzi wa tumbu. Waganga na wauguzi wetu waliosoma kwa Kifaransa wanamfahamu kwa jina la « ver de Cayor », kutokana na Cayor, eneo la Senegali ambako Wafaransa walimwandika kwa mara ya kwanza katika karne ya 19. Jina lake la kisayansi ni Cordylobia anthropophaga, na hilo neno la pili ni la Kigiriki, maana yake mla watu. Ni jina kali kuliko mdudu mwenyewe. Nzi mkubwa haumi mtu wala hafyonzi damu. Watoto wake, yaani mabuu, ndio wanaoingia chini ya ngozi, wanakaa humo siku 8 hadi 12, kisha wanatoka wenyewe, wanaanguka chini na kujizika udongoni hadi wageuke kuwa nzi.

Nzi jike hupenda kivuli. Hutaga mayai 100 hadi 300 kwenye mchanga au udongo ulionuka mkojo, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa mahali jua halifiki: nyuma ya nyumba, chini ya mti wa parachichi, juu ya majani ndani ya lupango. Mayai yanaanguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Buu linalotoka ni dogo sana, huwezi kuliona bila kulitafuta, na linaweza kungoja siku nyingi bila kula. Likisikia joto la mwili, linatoboa ngozi na kuingia bila maumivu. Ndiyo maana majipu haya yanakaa pale nguo inapogusa: mgongo, kiuno, matako, mapaja, na kwa watoto kila mahali ambapo nepi na kitenge vinapita.

Bibi zetu wanaopiga pasi hadi shuka na nepi hawakungoja kufundishwa na mtu wa maabara. Moto wa pasi ya makaa unaua mayai na mabuu, mradi upitishwe pande zote mbili na hasa kwenye mishono na mkanda wa kiuno, kwa sababu huko ndiko yanakojificha. Asiye na pasi aanike ndani ya nyumba au kwenye kamba juani, nguo ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Sioni haya kusema kwamba ushauri huu wa zamani bado unashinda dawa zote zinazouzwa kwa jambo hili.

Funza ni neno moja, wadudu ni wengi

Sehemu ya fujo inatoka kwenye lugha. Tukisema mtoto ana funza, mwingine anaelewa yule anayeingia kwenye vidole vya miguu, anayetolewa kwa sindano au pini. Huyo si nzi hata kidogo. Ni kiroboto, na anayejizika ni jike anayevimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Alama yake ni duara jeupe lenye doa jeusi katikati, mara nyingi pembeni ya ukucha au kisiginoni. Mwingine akisikia funza anafikiria wale wa nyama iliyooza. Na mwingine anafikiria wa jipu. Muuguzi akipokea ujumbe wa maneno tu, bila picha, anaweza kutoa shauri la mdudu asiye huyo.

Kosa hili lina bei. Jipu la nzi wa tumbu halihitaji wembe. Ukipaka vazelini nzito juu ya tundu na kuliziba, buu linakosa hewa, linajisukuma nje, na ukibonyeza taratibu kwa vidole gumba viwili kutoka pande zote mbili linatoka zima. Anayekata kwa wembe, au kulivuta kwa nguvu likakatika ndani, ndiye anayeanzisha usaha. Na familia inayodhani ni jipu la kawaida inanunua antibiotiki farmasini, inammezesha mtoto kwa siku saba, kisha jipu linapona siku ya nane au ya tisa kwa sababu buu limemaliza muda wake na kuondoka. Wote wanaamini dawa ndiyo iliyofanya kazi. Safari ijayo watanunua tena.

Kinachochungulia si kichwa

Sasa turudi kwenye picha. Watu wengi wanapiga picha ya jipu, na hilo ni jambo la maana kwa muuguzi anayetaka kujua kama kuna haraka. Lakini kwa anayetaka kujua ni nzi gani, picha ya jipu haisemi karibu kitu. Hata kile kitu cheupe kinachochungulia tunduni, ambacho wengi wanakiita kichwa, ni mkia. Buu linakaa kichwa chini, likila, na linapumua kwa matako. Mwishoni mwa mwili wake kuna mabamba mawili madogo ya rangi ya kahawia, na ndani ya kila bamba kuna mistari mitatu ambayo ni matundu ya kupitishia hewa.

Mistari hiyo ndiyo kitambulisho chake. Kwa nzi wa tumbu wa kawaida inapinda kidogo, kama herufi S iliyovutwa. Lakini katika misitu ya Kongo na ya jirani zetu kuna ndugu yake mwingine, Cordylobia rodhaini, ambaye mistari yake imejikunja na kujizungusha kama utumbo wa kuku. Buu la nzi wa tumbu hufikia milimita 13 hadi 15; la huyu ndugu wa msituni linaweza kupita milimita 20, na linakaa ndani ya ngozi siku nyingi kidogo zaidi, 12 hadi 15. Wa kwanza anaishi karibu na watu, na hifadhi yake kubwa ni mbwa na panya wa nyumbani. Wa pili ni nzi wa msitu mnene, anayelelewa na swala na panya wakubwa wa porini, na binadamu anampata kwa bahati mbaya.

Unaweza kuuliza: kama wote wawili wanatolewa kwa vazelini, tofauti ina faida gani? Kwa mtoto aliye mbele yako, si kubwa. Kwa mtaa ni kubwa sana. Kama picha zinazotoka Bulengera au Vulamba zinaonyesha nzi wa tumbu, kazi iko kwenye lupango: mbwa, panya, kamba ya nguo, mchanga wa uani. Kama zinazotoka kwa wachoma makaa na wakulima wa kakao kwenye ukingo wa msitu zinaonyesha yule mwingine, kumuua mbwa wa jirani hakutasaidia mtu.

Beni iko kwenye historia ya nzi hawa

Haya si mambo mageni kwetu. Mengi ya majina haya yalitoka kwenye ardhi ya Kongo. Yule nzi wa msituni alipewa jina mwaka 1910 na Mbelgiji Louis Gedoelst, kwa heshima ya Jérôme Rodhain, mganga aliyefanya kazi miaka mingi Kongo na baadaye kuongoza Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp. Wengine wanamwita nzi wa Lund, jina la ofisa wa Dola Huru ya Kongo ambaye buu lilitolewa mkononi mwake. Kwa hiyo mtu aliyebeba kielelezo anakumbukwa, ila wabeba mizigo na wakulima waliokuwa na mabuu hayohayo kabla yake hawakuandikwa popote.

Katika miaka ya 1910 Rodhain alishirikiana na Joseph Bequaert kuandika mfululizo wa kazi juu ya nzi wanaoishi kwa miili ya wanyama na watu Afrika. Bequaert alipita Beni na milima ya Ruwenzori mwaka 1914 akikusanya mimea na wadudu. Mwaka 1953 Alex Fain aliongeza ndugu wa tatu, Cordylobia ruandae, aliyemwelezea kutoka Rwanda, ambaye mabuu yake yalikutwa kwa panya wa vichakani. Vielelezo vingi vya wadudu vilivyokusanywa Kongo wakati wa ukoloni viko hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwanafunzi wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, hapa Butembo, anayetaka kulinganisha nzi aliyemshika kwenye kilima cha nyumbani kwao na yule aliyeshikwa miaka 100 iliyopita, analazimika kutafuta viza. Au picha nzuri.

Kuna wengine wawili ambao mpiga picha wa kwetu anapaswa kuwajua. Mmoja ni funza wa sakafu wa Kongo, Auchmeromyia senegalensis, aliyeelezwa mwaka 1904 na Dutton, Todd na Christy, waganga waliotumwa Kongo na chuo cha tiba cha Liverpool. Buu lake haliingii ndani ya ngozi. Linakaa mchana kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya mkeka, usiku linatoka, linamfyonza damu aliyelala chini, kisha linarudi mafichoni. Kitanda kilichoinuliwa kidogo tu kinatosha kumshinda, na ndiyo sababu amekuwa nadra watu walipopata vitanda. Lakini mkoa wenye maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao na kulala kwenye sakafu ya darasa au kanisa hauwezi kumsahau. Nzi mkubwa wa aina hii anafanana na nzi wa tumbu, wote rangi ya udongo wa manjano. Mtazame tumbo kwa juu: kwa huyu wa sakafu, pingili ya pili ni ndefu kupita zote.

Wa pili ni Chrysomya bezziana, nzi wa vidonda. Villeneuve alimtenganisha na ndugu zake mwaka 1914 kwa kutumia nzi waliotoka Kongo ya Wabelgiji. Huyu rangi yake ni ya kijani-buluu inayong'aa, na mabuu yake hayangoji nyama ife: yanakula nyama hai ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya mtu mwenye kidonda kisichofunikwa. Hapa picha ni jambo la haraka. Mabuu mengi ndani ya kidonda kimoja, yamejipanga vichwa ndani, si jambo la vazelini na kungoja. Ni la hospitali, na kwa mnyama ni la daktari wa mifugo siku ileile.

Simu inapokudanganya

Kuna programu za simu ambazo unaipa picha nayo inakutajia jina la mdudu. Zinasaidia, ila zimejifunza kwa picha zilizopigwa zaidi huko nje kuliko hapa. Ukiipa picha ya jipu lenye tundu, usishangae ikikujibu Dermatobia hominis. Huyo ni nzi wa Amerika, anaishi kuanzia Meksiko hadi Amerika ya Kusini, na hayupo Afrika isipokuwa ndani ya ngozi ya msafiri aliyetoka huko. Jibu likitaja mdudu wa bara lingine, liweke pembeni hata kama limeandikwa asilimia kubwa.

Kuna pia zile video za mbwa mwenye mabuu mamia yakikamuliwa moja moja. Zinatazamwa sana, na vijana wa kwetu wanazituma bila kuuliza. Baadhi ya wanaozitengeneza wanamtesa mnyama ili wapate watazamaji. Hakuna unachojifunza hapo juu ya aina ya nzi, na mbwa anayekamuliwa hivyo anaumia bure.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko upande wa pili: kuita kila kitu funza. Mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na aina mpya ya virusi ilikuwa imeanzia Kamituga, Kivu ya Kusini. Jipu la buu huwa moja au machache, lina tundu, linawasha na kuchoma hasa usiku, na mgonjwa anasema anasikia kitu kinatembea. Mpox huja na homa, tezi zilizovimba, vipele vinavyotokea usoni, viganjani, sehemu za siri, bila tundu la kupumulia. Hata hivyo hakuna mtu anayeweza kuondoa shaka ya mpox kwa picha peke yake; kipimo kinafanywa maabara. Eneo lililopita kwenye Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyotangazwa kutoka Mangina na kuua watu 2,287, linajua bei ya kuchelewa. Linajua pia bei ya timu zinazofika na kuchukua picha za wagonjwa bila kuomba ruhusa.

Namna ya kupiga picha yenye faida

Buu likishatoka, lioshe kwa maji safi, liweke kwenye karatasi nyeupe. Kando yake weka rula, au kama huna, kijiti cha kiberiti, ili anayetazama ajue ukubwa. Piga picha ya kwanza ya mwili mzima ubavuni. Ya pili, ambayo ndiyo ya maana, ligeuze mkia ukutazame. Kamera ya simu peke yake mara nyingi haifiki hapo. Lenzi ndogo ya fundi wa saa, ukiishika mbele ya kamera, inatosha kuonyesha mistari ile mitatu. Tone moja la maji juu ya kioo cha kamera iliyolazwa nalo linasaidia, ingawa mkono ukitetemeka kidogo tu kazi imekwisha. Tumia mwanga wa mchana karibu na dirisha, si taa ya simu, kwa sababu ngozi yenye unyevu inarudisha mwanga na kufuta kila kitu.

Usilitupe buu baada ya picha. Litumbukize kwa nusu dakika kwenye maji ya moto yaliyotoka kuchemka, lisije likawa jeusi na kujikunja, kisha liweke kwenye chupa ndogo yenye alkoli ya farmasi ya digrii 70. Watu watakuambia lutuku inatosha. Haitoshi, na nguvu yake hubadilika kutoka chupa hadi chupa. Andika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino unayeyuka ndani ya alkoli: tarehe, eneo, mtu au mnyama gani, sehemu gani ya mwili. Picha isiyo na maneno hayo manne haimfai mtafiti, hata ikiwa safi namna gani.

Na hapa kwetu picha si kitu chepesi. Tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi, barabara ya Beni hadi Butembo ina vizuizi, na mtu anayeonekana akielekeza simu porini anaweza kuulizwa maswali ambayo buu halitamsaidia kujibu. Picha nyingi za simu zinabeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa. Zima alama hiyo kabla ya kutuma kwenye grupu, hasa kama umepigia shambani au kwenye makazi ya waliohama vita. Taja jina la eneo la afya, inatosha. Uso wa mtoto usiwemo. Mama ndiye anayekubali au kukataa, na akikataa, buu peke yake kwenye karatasi halina aibu ya mtu.

Neno la mwisho ni kwa wakulima wa mahindi. Tangu mwaka 2016 kiwavijeshi kutoka Amerika kimeingia Afrika na kufika mashambani mwetu. Ukikuta kiwavi kina vijidude vyeupe kama punje za mchele vimebandikwa mgongoni, usikiponde kwa hasira. Huenda ni mayai ya nzi mwingine, wa jamii ya Tachinidae, ambaye mabuu yake yanaingia ndani ya kiwavi na kukila kikiwa hai, kama yule wa tumbu anavyotufanyia sisi, ila huyu hamwachi mwenyeji wake akiwa mzima. Kiweke ndani ya chupa yenye majani ya mahindi, funga mdomo kwa kitambaa, ngoja wiki mbili au tatu. Kipepeo akitoka, mtafiti hakupata kitu. Nzi mwenye nywele ngumu nyeusi mwilini akitoka, mpige picha kwa juu, kwa ubavu na usoni, kisha umpeleke kwa watu wa kilimo, kwa kuwa huyo hakuhitaji kununuliwa.